Nyumba Iliyosema kwa Sauti ya Edi

Nyumba ya Skolastika ilianza kuongea tena siku ya kumi na saba baada ya mafuriko, na sauti iliyotoka ukutani ilikuwa ya mtoto aliyekwisha kuzikwa.

"Viatu nje!" ilisema. "Mama, viatu nje!"

Skolastika alikuwa ameinama mlangoni, anakwangua tope kwenye kizingiti kwa jembe bovu. Jembe likamponyoka. Akabaki vile vile, mkono mmoja kiunoni, kama mtu aliyeshikwa na kichomi. Halafu akavua buti za mvua, moja, ya pili, akaziweka nje upande wa kushoto kama Edi alivyokuwa anataka, akaingia peku.

Peku kwenye tope la mafuriko! Hilo linatajwa mapema, mtu asije akasema hakuambiwa. Tope lile lina misumari, lina vigae, lina uchafu wa vyoo vya kijiji kizima. Lakini hebu mwite mama kwa sauti ya mtoto wake marehemu, uone kama atakumbuka buti.

"Edi?" aliita.

"Abee, mama."

Akaufuata ukuta, akauwekea shavu. Ulikuwa umelowa bado, baridi kama tumbo la samaki. Akakaa hapo mpaka tope likamkaukia miguuni.

*

Kilongera ni bonde la mpunga, chini ya milima, na joto lilipozidi miaka ile watu walichoka kuokwa ndani ya nyumba za bati. Ndipo zikaja kuta hai. Zilikandikwa kama walivyokandika mababu, nguzo, fito na udongo wa kichuguu, ila udongo huu ulichanganywa na nyuzi nyeupe za ukungu uliofugwa na wataalamu. Nyuzi zilitambaa ndani ya ukuta mzima, zikashikana, na chochote kilichogusa upande mmoja kilijulikana upande wa pili, kama siafu wanavyopashana habari. Zilihisi joto, zilihisi moshi, zilihisi nyoka akipita chini ya kitanda. Juu ya mlango palikuwa na kitundu kilichowambwa ngozi nyembamba, ndicho mdomo. Kila Jumamosi ukuta ulilishwa ndoo moja ya maji ya pumba za mpunga. Nao ukalipa kwa kuipoza nyumba, na kwa kusema: mkaa unafuka, mtungi hauna maji, mtoto anachemka.

Sasa binadamu hapendi kuamrishwa na kitu asichokijua. Kwa hiyo walioziunda kuta wakazifundisha kuchukua sauti ya yule anayesema sana ndani ya nyumba. Kwa majirani wengi ukuta ulisema kama bibi. Kwa Skolastika ulisema kama Ediltruda, bintiye wa kwanza, kwa sababu Edi tangu ana miaka mitano hakufunga mdomo hata akiwa na tonge ndani. Baba yake, Gaudensi, alikuwa akiwaambia wageni, "Mimi nina Edi wawili. Mmoja anakula ugali, mwingine anakula pumba. Wote wananigombeza."

Maji yalipokuja, Skolastika alikuwa ng'ambo ya mfereji na furushi la nguo kichwani, Mela mdogo mgongoni. Edi alikuwa upande wa pili, miaka tisa, begi la shule kifuani, anasitasita.

"Pita tu," mama alimwambia. "Maji ya magoti hayo."

Yalikuwa ya magoti, ni kweli. Magoti ya mtu mzima. Na maji yanayokwenda hayapimwi kwa urefu, yanapimwa kwa nguvu. Yakifika magotini yanambeba mwanamume mwenye gunia. Edi alionekana kesho yake, kwenye tuta la jaruba la mpunga la watu. Alizikwa kule juu, karibu na misheni, na watu waliokuwa bado na tope kwenye kope.

Gaudensi hakuwepo. Alikuwa milimani kwenye kazi ya reli, na reli yenyewe ilikuwa imekatika sehemu tatu.

*

Kosa la pumba halikuwa la Skolastika peke yake. Liwekwe sawa hilo.

Kilongera wana desturi: siku ya kuanua matanga wanawake huja kuisiriba upya nyumba ya msiba, wafute alama za kilio. Tangu zije kuta hai hakuna tena cha kusiriba, basi wanakuja na ndoo za pumba, kila mmoja yake, wanaulisha ukuta kwa mikono huku wakiimba. Siku ya kumi na tano maji yalikuwa yamekwisha kushuka, wenye nyumba wameanza kurudi kutoka shuleni juu kilimani walikokimbilia. Wanawake kumi na mmoja wakaja. Alama ya maji ilikuwa juu kuliko dirisha, ukuta umelowa chapachapa, umenyamaza kabisa. Wakaona umezimia kwa njaa. Wakaulisha ndoo kumi na moja.

Hakuna aliyejiuliza kitu kilichokunywa maji ya vyoo siku kumi na mbili kitafanya nini na shibe ile. Kuta hizo zinapaswa kukaushwa kwanza, madirisha wazi, jua na upepo, bila tone la chakula, mpaka mtaalamu azipime. Waliambiwa hayo zilipojengwa, kwenye karatasi. Karatasi nayo ilikwenda na maji.

Siku mbili baadaye ukuta ukasema, na kijiji kikasema ni baraka.

*

"Wifi, usiniambie umelala humu."

Huyo alikuwa Oliva, dada yake Gaudensi, mwanamke mwenye mabega mapana na mdomo usio na breki. Alisimama nje na chupa ya chai na sufuria la maji yaliyochemshwa, anachungulia ndani kama mtu anayechungulia zizi.

"Tumelala siku tatu sasa," Skolastika alisema. "Karibu."

"Nikaribie wapi? Godoro hilo umelitoa kwenye maji, unalianika, unamlaza mtoto! Godoro lililokunywa mafuriko halianikwi, Mama Mela, linachomwa."

Skolastika aliendelea kupanga vikombe. Hakugeuka.

Oliva akavuta pumzi. "Mama Edi," akasema taratibu.

"Abee, wifi."

Tangu mazishi watu walikuwa wameanza kumwita kwa jina la mtoto aliyebaki, wakidhani wanampunguzia. Yeye alikuwa hawaitikii.

Mela alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu kainyoosha. Miaka minne na nusu. Alikuwa anautegea ukuta kitendawili.

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai!" ukuta ulijibu, na ule mcheko wa Edi wa puani. "Kila siku yai. Huna kingine?"

Mela alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja. Oliva akaweka chupa chini.

"Hicho kifua kimeanza lini?"

"Vumbi tu. Nimefagia."

"Vumbi? Nyumba inadondosha maji, wewe unaniletea vumbi?" Akaingia, akapapasa ukuta nyuma ya mgongo wa Mela. Kiganja chake kikatoka na kitu cheusi, laini, kama masizi yenye mafuta. Alikinusa, akarudisha kichwa nyuma. "Skola. Hii nini?"

"Inafutika. Nafuta kila asubuhi kwa sabuni."

"Na kila asubuhi ipo."

"Mama," ukuta ukasema, "Mela asilale hapa."

Skolastika akatabasamu kwa mara ya kwanza mbele ya mtu tangu msiba. Machozi yakamtoka hapo hapo. "Umesikia, wifi? Bado wanagombania kitanda. Unakumbuka alivyokuwa anamfukuza? 'Mela asilale hapa, anakojoa!' Kila siku vita. Hata sasa hamtaki!"

Oliva hakucheka. Alimchukua Mela, akamtoa barazani, akamnywesha chai, na alipoondoka alisema neno moja tu, "Nakwenda kumwita bwana afya. Ukinichukia, nichukie."

*

Bwana afya alikuwa kijana mrefu anayeitwa Mtwanzi, mwenye adabu. Alivaa buti, glavu, na barakoa inayofunika nusu ya uso. Kabla hajaingia alichomoa waya wa bamba la jua kwenye paa, akapapasa kizingiti kwa fimbo ndefu, akapiga piga nyuma ya mapipa. Nyoka hupenda nyumba zilizotoka majini, alieleza, wamechoka kama sisi. Kisha akatoa kidude cha kupimia hewa, kidogo kama kiberiti, akakining'iniza katikati ya chumba. Kikapiga mlio mmoja mrefu usiokatika.

Akakizima. Akatoka nje kabla ya kusema.

"Mama, kuta zote chini. Mpaka kwenye fito."

"Za chini tu, palipolowa?"

"Zote. Uzi ni mmoja, mama. Ulichokunywa mguuni kimeshapanda kichwani. Humu mna ukungu mwingine, wa maji machafu, umeula ule wetu na sasa unatoa unga. Mtoto anavuta unga huo. Ukikaa kifuani mwa mtu mzima atakohoa mwezi. Kwa mtoto..." Akamtazama Mela, akaacha.

"Na sauti?"

"Sauti imo ndani ya udongo huo huo. Haihamishiki. Wamejaribu kwingine. Ukichukua hata kibonge ukapeleka nyumba mpya, unahamisha na ugonjwa."

Skolastika alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa. "Wewe una mtoto, baba?"

"Sina, mama."

"Basi acha nikuulize kama mtoto wa mwenzangu. Mimi nimeshamwambia huyu mara moja 'pita tu', akapita. Leo unanipa jembe, nimwambie tena?"

Kijana akavua barakoa. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko ulivyodhaniwa. "Yule si yeye, mama."

"Najua si yeye! Unafikiri mimi nimechanganyikiwa? Nimemwosha kwa mikono hii. Lakini ndicho kitu pekee duniani kinachojua alivyokuwa akiniitikia."

Mtwanzi alichora alama nyekundu ya hatari kwenye mwimo wa mlango, ndiyo sheria. Akamwachia dawa ya klorini, akamwonyesha kipimo cha kuchanganya kwa ndoo moja, akasema isichanganywe na dawa nyingine yoyote, na visima vyote vimewekewa alama, asichote. Alipofika njiani akageuka.

"Siwezi kukutoa kwa nguvu. Nyumba ni yako, mama. Lakini kifua si chako."

*

Jioni ile simu ilishika. Gaudensi alikuwa anapiga kelele kana kwamba mlima wenyewe ndio unaozuia sauti.

"Oliva kaniambia ukuta unaongea! Ni kweli?"

"Ni kweli, baba Edi."

"Niweke karibu nao."

Akainua simu mpaka kwenye kitundu juu ya mlango.

"Edi, mwanangu," Gaudensi aliita. "Baba hapa."

"Baba!" ukuta ukaitika. "Umeleta nini?"

Lilikuwa swali la Edi la kila mwisho wa mwezi. Wala hakuwa anasubiri shikamoo yake iitikiwe. Simu ikatoa sauti ambayo Skolastika hakuwahi kuisikia kwa mume wake katika miaka kumi na mbili ya ndoa, kama mbwa aliyefungiwa nje.

Aliporudi hewani alisema polepole. "Sikumzika. Hukunisubiri, na sikulaumu, joto lile, isingewezekana. Lakini hili nakuomba. Usiubomoe mpaka nifike. Tunatembea kwa miguu kufuata reli, siku nne. Niisikie kwa sikio langu, kisha ufanye unavyotaka."

"Mtoto anakohoa, baba Edi."

"Siku nne tu, Skola."

"Sawa," akasema.

Alilisogeza godoro katikati ya chumba, mbali na kuta. Alifungua dirisha, akalifunga kwa sababu ya mbu, akalifungua tena. Alilowesha kanga akamfunika Mela pua. Alifanya yote ambayo mama hufanya ili asifanye lile moja.

*

Kesho yake mvua ilirudi, ndogo, ya kuudhi. Mchana Mela alikataa uji. Alikuwa amerudi taratibu kwenye kona yake, mgongo ukutani, maana ndiko aliko dada. Skolastika akamwacha. Akajiambia, dakika kumi, wacheze.

Alikuwa barazani anasugua masufuria kwa maji ya klorini aliposikia ukuta.

"Mama, Mela asilale hapa."

"Mwache mwenzio," alijibu bila kuinua kichwa. "Kitanda chenyewe hakipo."

"Mama, Mela asilale hapa."

"Edi, usimchokoze."

"Mama. Mela atoke."

Mkono wake ukasimama ndani ya sufuria. Edi hakuwa anasema hivyo. Edi alikuwa anasema *anakojoa*, alikuwa anasema *ananipiga mateke*, alikuwa anamaliza maneno yote kabla ya kumfukuza mwenzake. Hakuwahi kusema *atoke* hivi, kavu, bila mcheko wa puani. Hivi ndivyo ukuta ulivyokuwa ukisema *mkaa unafuka*. Hivi ndivyo ulivyokuwa ukisema *nyoka*.

Ulikuwa umesema tangu siku ya kwanza. Ulikuwa unafanya kazi yake. Ulikuwa unaoza, na kwa akili iliyoubakia ulikuwa unatangaza kwamba wenyewe ndio hatari, siku ya tano sasa, kwa sauti pekee uliyokuwa nayo. Na yeye alikuwa anasikia sauti tu, maneno hayasikii.

Aliingia mbio. Mela alikuwa amelalia ubavu, mbavu zinazama na kuinuka kama za mwanambuzi, midomo ina rangi ya zambarau.

"Mela! Mela, mama!"

Mtoto akafumbua macho, akayafumba.

Skolastika hakuvaa buti. Alimtia mgongoni, akafunga kanga kwa meno, akatoka. Njiani kulikuwa na kijito kinachokatiza barabara pale chini, maji ya mvua mpya, yanatembea. Hayakufika hata kwenye magoti. Alisimama mbele yake, anahema, mtoto anakoroma shingoni. Hatua sita tu. Halafu akageuka, akapandisha kuzunguka kwa juu, kwenye miiba, njia ndefu mara tatu, huku anasema kwa sauti, "Hatupiti. Hatupiti, mwanangu. Mama kashajua, hatupiti."

*

Kwenye hema la zahanati, kule shuleni, walimwekea Mela hewa ya mtungi. Nesi alikuwa mama mtu mzima, hakumgombeza Skolastika. Alisema tu kwamba huyu ni mtoto wa saba wiki hii kutoka nyumba za kuta hai, na wengine waliletwa wamechelewa. Asubuhi ya pili Mela aliomba muwa. Nesi akasema anayeomba muwa hafi.

Skolastika akamwachia Oliva kitanda kwa saa moja, akaenda nje kwenye uwanja wa shule, akasimama pale wenye simu wanaposimama. Hakupiga. Angemwambia nini? Kwamba kati ya watoto wake wawili, mmoja mkekani na mmoja ukutani, alikaribia kumtoa wa mkekani kwa ajili ya wa ukutani? Gaudensi alikuwa amebakiza siku moja. Mela angeweza kubaki hema hili siku moja, salama kabisa, na baba akafika, akasikia, ndipo ukuta ukaanguka. Nani angeumia?

Aliizungusha fikra hiyo kama mtu anayezungusha embe lililooza upande, anatafuta pa kuuma. Kisha akajijua. Baada ya siku ile ingekuja nyingine. Baba naye angekaa na shavu ukutani. Naye angesema, "wiki moja." Wangekuwa wawili sasa wa kuhurumiana, na Mela angeruhusiwa kutoka, angetaka kwenda kwa dada yake.

Alirudi hemani. "Wifi, una jembe zima?"

Oliva alimtazama. "Ninayo majembe na wanawake," akasema.

*

Walikuja wale wale kumi na mmoja. Safari hii bila ndoo za pumba. Walivaa buti au mifuko iliyofungwa kwenye vifundo, walifunika pua kwa vitambaa vilivyoloweshwa, madirisha na milango wazi. Walinyunyizia maji ukutani ili unga usiruke. Shimo lilikuwa limechimbwa mbali na kisima, na chokaa imekaa tayari. Oliva alitaka kuanzisha wimbo, akaona uso wa Skolastika, akaumeza.

Skolastika ndiye aliyepiga jembe la kwanza, upande wa jikoni.

"Mama," ukuta ukasema, "ukuta wa jikoni umetoboka."

Wanawake wote wakasimama.

"Najua, mwanangu," alisema. Akapiga tena.

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi asubuhi nzima. Udongo ulianguka mabonge mabonge, ndani mweusi, unanuka kama mtaro. Kila upande ulipoanguka ukuta uliripoti, bila woga, bila kusihi, kama mtoto aliyetumwa kuangalia kitu na kurudi na majibu. Upande wa mashariki haupo. Chumba cha watoto kuna ufa. Na Skolastika akajibu kila mara, "Nimesikia," maana siku zile tano hakusikia.

Karibu na mwimo wa mlango, usawa wa kiuno, palikuwa na alama ya kiganja cha Edi. Kila mtoto wa Kilongera huubonyeza ukuta mbichi kwa mkono siku nyumba inapokamilika. Skolastika alikichokonoa kipande hicho pole pole, kikatoka kizima, vidole vitano vidogo, kidole gumba kimepinda kidogo. Alitazama nyuma. Oliva alikuwa amegeuka upande wa pili, amegeuka kwa makusudi. Akakifunga kwenye pindo la kanga.

Sehemu ya mwisho ilikuwa juu ya mlango, udongo mchache uliozunguka kitundu. Nyumba sasa ilikuwa mifupa, fito na nguzo, na mtu aliweza kuona bonde zima kutoka sebuleni, majaruba yote yanang'aa.

"Mama," ulisema, kwa mbali. "Upepo unaingia."

"Uache uingie, Edi," alisema mama yake. "Uache uingie."

Akapiga.

Pale shimoni, Oliva anamwaga chokaa, Skolastika alisimama ukingoni muda mrefu kiasi kwamba wengine wakaanza kuondoka. Kisha akafungua pindo. Nyuma ya kile kiganja, mahali ambapo macho hayakuwa yamefika, palikuwa na weusi ule ule, laini, umeshaanza kupenya kwenye kanga. Aliweka kiganja chake juu ya kile kidogo, kile kidogo kikaenea chote chini ya chake. Akakiacha kiende shimoni.

Kanga nayo akaitupa. Akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko.

"Tukandike lini?" mmoja aliuliza.

"Fito zikauke kwanza," Oliva alijibu. "Wiki sita. Na udongo mtupu, jamani. Usiojua kusema."

"Mama Mela," yule mwanamke akasema, kisha akajiuma mdomo. "Samahani. Mama E..."

"Abee," Skolastika alisema.

*

Gaudensi alifika kesho yake saa nane mchana, begi begani, viatu vyake vya kazi vizito kwa tope la reli. Skolastika alimwona kutoka mbali, maana sasa hapakuwa na ukuta wa kumzuia kuona. Alimwona anapunguza mwendo. Alimwona anasimama.

Alimkuta barabarani. Hawakushikana mikono.

"Umeubomoa."

"Nimeubomoa."

"Nilikuomba siku nne."

"Mela hakuwa na siku nne, baba Edi."

Gaudensi alimpita. Alikwenda mpaka kwenye mwimo wa mlango wenye alama nyekundu, akaweka sikio kwenye nguzo tupu. Alifumba macho. Upepo ulipita katikati ya fito, ukatingisha kamba moja iliyosahaulika, na bonde likawa kimya. Alikaa hivyo mpaka Skolastika alipotaka kumwambia *njoo, basi*, lakini hakujua aje wapi.

Mwishowe Gaudensi akainua mguu avuke kizingiti.

"Baba!"

Mela alikuwa amekaa kwenye mkeka mpya katikati ya sakafu iliyosuguliwa, mikono yake myembamba kama vijiti, kipande cha muwa shavuni. Sauti ilikuwa bado ina mkwaruzo wa mtungi wa hewa. Hakuwahi kuwa msemaji. Pale nyumbani nafasi ya kusema ilikuwa imechukuliwa. Alimnyooshea baba yake kidole.

"Baba, viatu nje!"

Gaudensi alibaki na mguu hewani. Alimtazama mke wake, na Skolastika alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Vina matope," Mela alieleza, kwa kuwa watu wazima hawa walionekana hawaelewi. "Matope ya mafuriko yana wadudu. Na umeleta nini?"

Akarudisha mguu. Akainama, akafungua kamba, cha kwanza, cha pili, akaviweka nje, upande wa kushoto.